Mgunga wa mlimani na mgunga wa mbugani

Mi kazi yangu ni kuotesha miche. Kitalu changu kiko upande wa Chamwino, nimeanza 2011 nikiwa na viriba mia mbili na ndoo mbili za maji, na serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu 2016 kazi ikachangamka sana maana kila anayejenga anataka miti, kila ofisi inataka miti, watu wanakuja na magari wanapakia. Sasa naandika hapa kitu ambacho kilinichukua miaka kukielewa na kilinigharimu pesa na kidogo kinigharimu na urafiki na mzee mmoja ninayemheshimu sana, nadhani kuna wenzangu wa vitalu kitawasaidia.

Mwanzoni mwa 2018 nilipata mteja mwenye shamba upande wa Bahi, pembezoni mwa mbuga. Alitaka miche 800 ya mgunga, mingine izungushie shamba, mingine iwe kivuli cha mifugo. Nikafurahi, mgunga ndo mti wetu, haunisumbui. Mbegu nilikuwa nazo tayari nimezikusanya mwenyewe kwenye kilima cha mawe nyuma ya nyumbani, nikaziloweka kwenye maji ya moto usiku kucha kama kawaida, nikazisia, zikaota vizuri mno. Tukapandikiza mvua ikiwa imechanganya, mashimo yako vizuri, samadi ipo, kila kitu kipo.

Mwezi wa tatu majani yakaanza kuwa ya njano, ncha zinakauka kama zimepitiwa na moto. Mwezi wa sita nikaenda kuhesabu, ikabaki miche 61. Yani kati ya 800. Mteja hakumalizia hela yangu na sikuwa na cha kumwambia. Nikamgeukia mzee aliyekuwa analinda lile shamba, nikamlaumu kwamba hakumwagilia, kwamba ameacha mbuzi waingie, maneno mengi ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia vibaya. Yule mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakukasirika, akaniambia, "Mwanangu, na ule pale nani anaumwagilia?"

Nikageuka. Hatua kama mia tatu kutoka tulipopanda kuna migunga imesimama, mikubwa, mwavuli wake umekaa sawasawa, chini kuna ng'ombe wamelala. Imesimama kwenye udongo uleule uliouwa ya kwangu. Ule udongo wa Bahi mnaoujua, mweusi, kiangazi unapasuka nyufa unaingiza mkono mpaka kiwiko, masika unavimba na kushika maji, mguu unabaki na kiatu kinabaki, na sehemu nyingine juu yake kuna unga mweupe wa magadi. Nikamwambia mzee labda ule ni mti mwingine. Akacheka kidogo akasema, "Ni mgunga, ila sio wa kwenu."

Hilo neno lilinikaa kichwani wiki nzima.

Dada yangu ana binti anayesoma baiolojia chuo, akaja likizo nikamweleza. Jambo la kwanza aliloniambia ni, "Mjomba twende kwanza tuhakikishe ni mti mmoja," kwasababu mgunga ni jina ambalo sisi tunawapa ndugu wengi. Tukaenda. Akaniambia niangalie maganda, ya pande zote mbili yamejikunja kama springi, na niangalie miiba, kwenye tawi moja kuna mirefu iliyonyooka myeupe na kuna mifupi iliyojipinda kama ndoano. Mlimani vilevile, mbugani vilevile. Ni mti mmoja, kitaalamu Vachellia tortilis, zamani ukiitwa Acacia tortilis, unaanzia kule majangwa ya Uarabuni na Sahara mpaka kusini mwa Afrika, na wataalamu wameugawa kwenye nususpishi nne, yani matawi manne ndani ya spishi moja, kwasababu kila upande umechukua sura yake. Wa kwetu huku unaitwa spirocarpa. Kwahiyo kwa kitabu migunga yangu na migunga ya yule mzee ni watu wa ukoo mmoja na jina moja kabisa.

Ila nikawa nabisha, nikamwambia sasa kama ni mmoja mbona mmoja umekufa? Akasema kuna njia ya kuuliza swali hilo miche yenyewe ijibu, na ni ya zamani. Kuna Msweden aliitwa Göte Turesson, alikuwa anachukua mimea ya aina moja kutoka sehemu tofauti, pwani, bara, kwenye mchanga, anaileta yote kwenye bustani moja, udongo mmoja, halafu anaangalia. Kama tofauti zinatokana na sehemu tu, basi ikikaa pamoja itafanana. Mingi haikufanana, ule uliokuwa mfupi pwani ukabaki mfupi hata bustanini, maana ufupi uko ndani ya damu yake. Mwaka 1922 ndo akaleta neno ekotaipu, yani kabila la mmea lililozoea makazi fulani kiasi kwamba mazoea yenyewe yanarithiwa.

Basi tukafanya la kwetu. Tukakusanya mbegu mlimani na tukakusanya mbegu Bahi, kila upande kutoka miti kumi na tano iliyo mbalimbali, maana binti alikataa kabisa tuchukue kwenye mti mmoja, alisema ukichukua kwa mama mmoja utakuwa unapima familia hujapima kijiji. Akanichagulisha mbegu za ukubwa unaolingana, kwasababu mbegu nono inaweza kufanya vizuri kisa tu mama yake aliipakia chakula kingi na mi nikadhani ni urithi. Halafu udongo, nikakodi kirikuu kuleta viroba vya udongo mweusi wa Bahi, na ule mwekundu wa kichanga wa mlimani tukachimba palepale. Nikakata mabomba ya plastiki ya urefu wa mita moja, maana kiriba cha kawaida kinadanganya, mzizi wa mgunga unashuka haraka kuliko tawi linavyopanda, ukiubana humjui mgunga. Ikawa makundi manne, mbegu ya mlimani kwenye udongo wa mlimani, ya mlimani kwenye wa mbugani, ya mbugani kwenye wa mbugani, ya mbugani kwenye wa mlimani. Kila kundi miche hamsini. Tukaichanganya kwa kupiga kura ili kivuli cha mwarobaini kisipendelee kundi moja.

Miezi mitano. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa pale.

Kwenye udongo mwekundu wote waliishi, karibia wote, ila miche ya mlimani ilinishangaza tulipopasua mabomba. Juu ilikuwa mifupi, ya kawaida tu, mtu ungeidharau, lakini chini mzizi umefika mwisho wa bomba umeanza kujizungusha kutafuta njia. Ile ya mbugani juu ilikuwa imependeza, majani mengi, chini mzizi umeishia njiani na umetawanyika pembeni. Halafu kwenye udongo mweusi ikawa kinyume, ile ya mlimani ikafa kwa mtindo uleule niliouona kwa mteja, njano halafu ncha kuungua, ikabaki tisa kati ya hamsini. Ya mbugani ikabaki arobaini na tatu. Nilikaa chini pale kitaluni. Sio mzee aliyeua ile miche, wala mbuzi, ni mimi niliyepeleka watoto wa kilimani wakaishi kwenye magadi na maji yaliyosimama.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Bahi kumuomba mzee msamaha. Akaniambia, "Yaliisha siku ileile." Nashukuru Mungu.

Sasa sehemu iliyonisumbua akili zaidi ni hii. Kutoka mlimani kwetu mpaka kule sio mbali kiasi hicho, na katikati kuna migunga njia nzima, na kuna nyuki, na kuna mbuzi. Mbuzi wanapenda maganda ya mgunga kuliko kitu chochote, wanakula huku wanatembea wanaenda kunya kule, na mbegu iliyopita tumboni mwa mbuzi bado inaweza kuota vizuri. Yani kila siku mbegu zinahamishwa. Nyuki nao wanabeba chavua kutoka ua mpaka ua hawaulizi mti umesimama kwenye udongo gani. Kwa akili yangu ilibidi migunga yote iwe imeshachanganyika zamani, itoke supu moja. Nikamuuliza mpwa wangu, inakuwaje wanaoana kila mwaka na bado wanabaki tofauti?

Akanijibu kwa swali, "Mjomba, mgunga mmoja unaangusha mbegu ngapi maisha yake yote, na ngapi zinakuwa miti?" Nikafikiria. Maelfu kwa maelfu, na zikisimama mbili tatu ni bahati. Kwahiyo, akasema, mbuzi wanaleta mbegu za mlimani mbugani kila mwaka na kila mwaka udongo unazikataa, mchujo ni mkali kuliko wahamiaji. Mbegu inafika, ndoa inafungwa, lakini mtoto mwenye jeni zisizohimili magadi hafiki masika ya pili. Ndo maana umbali wa kilomita unaweza usiwe na maana kubwa, miti miwili iliyo mbali lakini kwenye udongo unaofanana inaweza kubaki na tabia zilezile za kuishi, na miti miwili majirani waliotenganishwa na mpaka wa udongo wakawa wanaachana kidogo kidogo. Kilomita nazo zina kazi yake, kadri mko mbali mnaoana kidogo mnatofautiana, hilo linajulikana. Ila makazi yenyewe ni ukuta mwingine kabisa, na kwenye nchi kame huo ukuta ni mrefu kwasababu kosa dogo halisamehewi. Huku mvua zetu ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zinanyesha kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne halafu basi, mche una miezi michache ya kujipanga na miezi saba nane ya kujibu mtihani.

Akanipa mfano wa alizeti na hapo ndo nikakubali kabisa, maana alizeti ni zao letu, Dodoma na Singida nani haijui. Asili ya alizeti ni Amerika Kaskazini, na kule kuna ndugu zake wa porini. Kwenye jimbo la Colorado, Marekani, kuna sehemu inaitwa Great Sand Dunes, milima mitupu ya mchanga, mirefu kuliko yote ya bara lile. Kuna alizeti pori, Helianthus petiolaris, inaota juu ya ule mchanga na inaota pia kwenye tambarare pembeni palepale. Ile ya mchangani mbegu yake ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile ya tambarare, na sababu inaeleweka ukiwa mkulima, mchanga unahama unaifukia mbegu chini sana na hauna naitrojeni ya maana, kwahiyo mche lazima utoke nyumbani umebeba chakula cha kutosha safari nzima ya kupanda juu. Nyuki wanavuka huku na huku, machotara wapo pale katikati, na bado ni makabila mawili.

Watafiti wakaangalia DNA zao wakakuta jambo ambalo mi naliona zuri sana. Sehemu kubwa ya vinasaba imechanganyika kama nilivyodhani mimi, lakini kuna vipande vikubwa vya kromosomu ambavyo vimegeuzwa, mwanzo umekuwa mwisho, na jeni zilizo ndani ya kipande kilichogeuzwa zinarithiwa pamoja hazitawanyiki hovyo. Nimeielewa hivi, ni kama mtu anayehama na vyombo vyote vya jiko kwenye gunia moja lililofungwa, badala ya kila sufuria kupanda gari lake. Tabia za kuishi mchangani, zikiwemo za ukubwa wa mbegu, zimefungwa kwenye magunia hayo, kwahiyo hata ndoa zikifungwa kila mwaka seti haivunjiki. Nyumba mbili jirani wanaazimana kila kitu isipokuwa lile gunia.

Na kuna zaidi. Alizeti hiyo ya petiolaris na ile mama wa alizeti tunayolima, Helianthus annuus, ambayo porini inapenda udongo mzito wa mfinyanzi, zilizaana huko nyuma na baadhi ya machotara yakahamia sehemu ambazo baba na mama wote hawawezi kukaa. Moja lipo kwenye machuguu ya mchanga jangwani Utah na Arizona, jingine lipo kwenye majimaji ya chumvi Texas na New Mexico, la tatu liko kwenye nyika kavu ya jangwa. Yamekuwa spishi kamili zenye majina yao. Nilipomuangalia mpwa wangu anaeleza hayo nikamwambia basi mchanganyiko sio mbaya siku zote, akasema ndio, inategemea kuna sehemu inayomsubiri huyo mtoto au hakuna.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia nchi yetu kwa jicho jingine. Ukisimama juu ya kilima chochote huku kwetu ukashuka taratibu, unaanza na mawe na udongo mwembamba, unakuja wekundu, unakuja wa kijivu wenye kichanga, unamalizia na mweusi wa mbuga, na hiyo foleni inajirudia kila kilima. Kuna mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, alikuwa Amani kule Tanga enzi za mkoloni miaka ya 1930, ndo aliyeipa jina hiyo foleni, katena, maana yake mnyororo. Neno linatumika dunia nzima na limezaliwa kwenye milima yetu. Wazee wetu hawakuwa na hilo neno ila walikuwa nayo hesabu, mama yangu hachanganyi mbegu ya mtama wa bondeni na wa juu, kila moja ina kibuyu chake, mi utotoni nilidhani ni mila tu.

Babu yangu yeye alifanya kibarua Kongwa kwenye ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Alikuwa anasimulia matrekta yalivyokuja, mengi, na jinsi udongo ulivyokauka ukawa mgumu kama saruji ukawa unakula majembe ya mashine, na karanga zikabaki ndani haziwezi kung'olewa. Mpaka 1951 umeshafutwa. Walipima ukubwa wa eneo, hawakuupa muda udongo wala mvua za Kongwa. Nikikumbuka miche yangu 800 naona nilifanya kitu cha aina hiyohiyo kwa kipimo kidogo.

Kuna jambo jingine linaniuma na nitalisema. Mkaa. Kuna vilima huku migunga imekatwa imebaki sita saba kilima kizima. Watu wanasema itaota tena, na kweli inaweza kuota, ila watoto wote watatoka kwa hao saba, na hao saba hawakubaki kwasababu ni bora, wamebaki kwasababu shoka halikuwafikia. Vinasaba vilivyopotea na wale waliokatwa vimepotea. Kilima kikishakuwa na wachache namna hiyo kinaanza kutofautiana na jirani yake kwa bahati tu, sio kwa kuzoea udongo, na ndugu wanaanza kuoana ndugu. Zile tofauti za migunga ya Bahi ni hazina, zimejengwa kwa vizazi na vizazi vya miche kufa, ila hii tofauti ya bahati ni umaskini. Kwa macho zinafanana, ndo ubaya wake.

Ndo maana napenda sana kisiki hai, pamoja na kwamba inaninyima wateja. Kile kisiki unachokiona shambani, unakichagulia machipukizi mawili matatu yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama, unakilinda, mzizi wake uko chini tangu zamani na ulishafaulu mtihani wa udongo uleule. Mteja akija na shamba lenye visiki vilivyo hai namwambia mzee, au mama, anza na hivyo kwanza, nafasi zitakazobaki ndo uje kwangu.

Na akija kwangu simuuzii mara moja. Namuomba aniletee udongo wake kwenye mfuko, kilo moja inatosha, naulowesha nauviringisha mkononi, kama unatengeneza kamba ndefu isiyokatika najua ni mfinyanzi, nauliza masika maji yanasimama siku ngapi, nauliza kuna unga mweupe kiangazi. Mbegu zangu sasa hivi nazikusanya kwa makundi matatu, za mawe, za kichanga chekundu, za mbuga, kila kopo limeandikwa sehemu, mwezi, na idadi ya miti mama, na kila tuta lina kibao chake. Wasaidizi wangu mwanzoni waliona nawasumbua. Kuna siku mmoja alichanganya makopo mawili, nikazitoa zote nikawapa majirani wakaoteshe za kuni, sikuweza kuziuza maana nisingejua nimwambie nini mnunuzi.

2020 nilirudi kwa yule mteja nikampelekea miche 300 ya mbegu za Bahi, bila malipo, ili deni la moyo liishe. Alikubali shingo upande. Tulipanda na yule mzee, mimi na yeye na wajukuu zake wawili. Mwaka huu nimeenda kuhesabu, imesimama 212, mingine imeshanipita kimo, na mingine imeanza kutoa maganda.

Nilimkuta mzee amekaa chini ya mgunga mkubwa wa zamani, uleule alionionyesha. Tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwa, mbukwa, tukaketi. Alikuwa ameniwekea maganda kwenye viroba viwili, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani na kingine kwa kitambaa chekundu. Nikamuuliza mbona viwili wakati maganda yangeenea kwenye kimoja. Akashika cha kwanza akasema hiki ni cha miti tuliyopanda sisi, akashika cha kitambaa chekundu akasema hiki ni cha wazee wao, na humu nimechanganya miti ishirini na mbili, nimeihesabu kwa mawe, yako mfukoni.

Akayatoa tukayahesabu pamoja.